Sukari ya Miezi Mitatu Isisomwe Peke Yake

Siku mbili tatu kabla ya kliniki, watu wengi wenye kisukari hubadilika tabia. Soda huwekwa kando, ugali hupungua sahanini, vidonge vilivyosahaulika wiki nzima humezwa kwa saa, na usiku wa kuamkia kliniki hakuna kinachopita kooni baada ya magharibi. Asubuhi kidole kinatobolewa, mashine inasoma 6.1, muuguzi anaandika kwenye daftari, na mgonjwa anapongezwa na kurudi nyumbani na dawa zilezile. Wote wawili wameridhika, na wote wawili hawajui lolote kuhusu wiki zilizotangulia. Kipimo cha HbA1c, ambacho wengi wanakiita sukari ya miezi mitatu, kilipatikana kuziba pengo hilo, na ni haki ya kila mwenye kisukari kukipata. Lakini kukipata ni nusu tu ya kazi. Katika nchi zetu, ambako watu wengi wamezaliwa na damu yenye sababu za kukipotosha, jibu la kipimo hiki halipaswi kusomwa peke yake, wala kukabidhiwa kwa mgonjwa kama alama ya mtihani.

Tuanze na namna kinavyofanya kazi, kwa sababu ubora wake na udhaifu wake vinatoka mahali pamoja. Sukari inayozunguka mwilini hujishika kwenye himoglobini, ile protini inayoipa damu rangi nyekundu na kubeba hewa ya oksijeni. Ikishajishika haibanduki mpaka chembe nyekundu yenyewe ife, na chembe hizo huishi takriban siku 120. Kadiri sukari inavyokaa juu kwa muda mrefu, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya himoglobini inavyoshikwa, na sehemu hiyo ndiyo inayoandikwa kwa asilimia kwenye karatasi ya maabara. Daktari Samuel Rahbar wa Iran ndiye aliyegundua mwaka 1968, akiwa Tehran, kwamba himoglobini ya watu wenye kisukari ina tofauti hiyo. Kipimo hakihitaji mtu afunge. Damu huchukuliwa saa yoyote. Takriban nusu ya jibu hutokana na siku 30 za mwisho, na iliyobaki hutokana na miezi iliyotangulia. Ndiyo maana kujinyima siku tatu hakubadilishi kitu cha maana. Kwa sababu hiyohiyo, aliyeanza dawa wiki mbili zilizopita asikate tamaa akiona jibu bado liko juu, kwani sehemu kubwa ya damu iliyopimwa ni ya zamani kuliko dawa zake.

Umuhimu wa namba hii hautegemei maneno ya watengenezaji wa mashine. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotangazwa mwaka 1993 uliwafuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Kundi lililotibiwa kwa ukaribu lilifikisha wastani wa HbA1c wa karibu asilimia 7, na kundi lililotibiwa kwa utaratibu wa kawaida wa wakati huo lilibaki karibu na asilimia 9. Miongoni mwa walioanza wakiwa na macho yasiyo na dosari, hatari ya kupata ugonjwa wa macho wa kisukari ilipungua kwa asilimia 76 katika kundi la kwanza. Uingereza nayo iliwafuatilia maelfu ya watu waliokuwa wamegundulika karibuni kuwa na kisukari cha aina ya pili, na matokeo yake yakatolewa mwaka 1998. Tofauti ya wastani kati ya 7.0 na 7.9 kwa muda wa miaka kumi ilitosha kupunguza madhara ya mishipa midogo ya damu, yaani ile ya macho na figo, kwa asilimia 25. Hakuna kipimo cha asubuhi moja kinachoweza kutabiri upofu au figo kufeli kwa namna hiyo. Anayesema HbA1c ni anasa ya hospitali kubwa inabidi ajibu ushahidi huu kwanza.

Hata hivyo, namba yenye uzito kiasi hicho hukabidhiwa watu bila maelezo, na matokeo yake ni mkanganyiko. Mtu aliyezoea kuona 7 kwenye mashine ya nyumbani anaona 7 kwenye karatasi ya HbA1c na kudhani ni kitu kilekile. Sivyo. HbA1c ya asilimia 7 inalingana na wastani wa sukari wa takriban 8.6 kwa kipimo cha milimoli, au 154 kwa mashine zinazosoma miligramu. Asilimia 8 ni wastani wa 10.2, asilimia 9 ni 11.8, na asilimia 10 ni 13.4, kila asilimia moja inayoongezeka hupandisha wastani kwa karibu 1.6. Zipo pia maabara zinazotoa jibu kwa kipimo kingine kabisa, ambamo asilimia 7 huandikwa 53 na asilimia 6.5 huandikwa 48. Aliyepimwa hospitali moja Januari akapata 7.4, kisha akapimwa kwingine Aprili akasoma 53, anaweza kuzirai kwa hofu ilhali hali yake haijaharibika. Vilevile, kutoka 7.2 kwenda 7.0 si ushindi na kutoka 7.0 kwenda 7.2 si maafa. Mashine zenyewe zina tofauti ndogo kama hizo. Badiliko linaloanza kuwa na maana ni la nusu asilimia hivi.

Jambo la pili linalofichika ni kwamba wastani hauonyeshi mapigo yake. Chukua watu wawili, wote wana asilimia 7. Wa kwanza sukari yake hutembea kati ya 6 na 10 mchana kutwa. Wa pili huamka na 3.2 akitokwa jasho na kutetemeka, hula haraka chochote kilicho karibu, hufika 15 kabla ya adhuhuri, na hushuka tena jioni baada ya sindano ya insulini. Karatasi ya maabara inawapa alama moja. Wa kwanza anafaa kuambiwa aendelee vivyo hivyo. Wa pili anahitaji dozi yake ibadilishwe leo, kwa sababu sukari kushuka kunaweza kumwangusha barabarani au kumuua usingizini. Mashine ya kidole, ile tuliyoiona ikidanganywa asubuhi ya kliniki, ndiyo inayoweza kuwatofautisha hawa wawili, ilimradi itumike nyumbani, katika siku za kawaida, kabla ya kula na saa mbili baada ya kula. Kila kipimo kinaona kile ambacho mwenzake hakioni.

Kuna wanaodhani basi kwamba busara ni kuishusha HbA1c kadiri inavyowezekana. Ushahidi unawakatalia. Utafiti mwingine wa Marekani na Kanada, ulioitwa ACCORD, uliwaandikisha zaidi ya watu 10,000 wenye kisukari cha aina ya pili, wengi wao wakiwa na umri mkubwa na hatari ya ugonjwa wa moyo. Kundi moja lilisukumwa kwa dawa nyingi ili lishuke chini ya asilimia 6. Mwaka 2008 matibabu hayo yalisitishwa kabla ya wakati wake kwa sababu kundi hilo lilikuwa na vifo 257, dhidi ya 203 katika kundi lililotibiwa kwa lengo la wastani. Kwa hiyo lengo la kijana aliyegundulika mwaka jana si lengo la bibi wa miaka 78 mwenye figo dhaifu anayeishi na mjukuu. Kwa kijana, kukaa chini ya asilimia 7 kunamlinda kwa miaka arobaini ijayo. Kwa bibi, asilimia 8 inaweza kuwa matibabu mazuri kuliko 6.5 inayopatikana kwa gharama ya kuanguka bafuni alfajiri. Namba bila umri, maradhi mengine na mazingira ya mtu haijasema lolote la kutosha.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sisi kuliko wengi duniani. HbA1c inategemea dhana kwamba himoglobini ni ya kawaida na chembe nyekundu zinaishi umri wake wote. Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki dhana hiyo haisimami. Mwaka 1954, Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha kwa kupima watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika kwamba vinasaba vya selimundu vimeenea penye malaria nyingi, pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na kwamba ni adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi. Anayerithi vinasaba hivyo kutoka kwa mzazi mmoja tu si mgonjwa. Anaweza kuishi maisha yake yote bila kujua, na utotoni vilimpa kinga dhidi ya malaria kali. Kuna pia upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, nao wa kurithi, nao umeenea palepale penye malaria. Unafupisha maisha ya chembe nyekundu, na chembe inayokufa mapema haipati muda wa kushikwa na sukari ya kutosha. Jibu la maabara linatoka dogo kuliko sukari halisi.

Dogo kwa kiasi gani? Watafiti wa Marekani waliochapisha kazi yao mwaka 2017, wakitumia takwimu za Wamarekani weusi zaidi ya 4,600, walikuta kwamba wenye vinasaba vya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja walikuwa na HbA1c iliyo chini kwa takriban 0.3 kuliko wenzao wenye sukari ileile. Mwaka huohuo, utafiti mwingine wa kimataifa ulionyesha kuwa aina ya upungufu wa G6PD inayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika hushusha HbA1c ya wanaume kwa takriban 0.8. Mtu anaweza kusema 0.3 ni kitu kidogo. Kwa mwenye asilimia 11 ni kidogo kweli. Lakini Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwaka 2011 kwamba asilimia 6.5 na kuendelea ni kisukari. Kwenye mstari huo, 0.3 inamgeuza mgonjwa kuwa mzima wa karatasi, na 0.8 inamficha mtu ambaye angesoma 7.2. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari barani Afrika hawajui kwamba wanacho. Tukitegemea kipimo hiki peke yake kuwatafuta, tutawapita baadhi yao tukiwa tumewashika mkono.

Upotoshaji hauendi upande mmoja tu. Upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma, ambao wanawake wengi wa umri wa kuzaa wanao, huwa unaipandisha HbA1c kidogo, na unaweza kumbandika mtu jina la kisukari asichokuwa nacho. Malaria iliyoharibu chembe nyekundu, kuongezewa damu, kutokwa damu nyingi, ujauzito, figo zilizochoka na dawa kama dapsoni, vyote vinaweza kulisogeza jibu mbali na ukweli. Mwenye ugonjwa kamili wa selimundu hana himoglobini ya kawaida ya kupimwa, hivyo kwake HbA1c haifai kabisa; anahitaji vipimo vingine, kama fruktosamini, inayoonyesha wastani wa wiki mbili hadi tatu bila kutegemea himoglobini. Mjamzito naye hapimwi kisukari cha mimba kwa HbA1c, bali kwa kunywa glukosi na kupimwa baada ya saa zilizowekwa.

Mfano mmoja utaonyesha jinsi kosa linavyoweza kukamatwa bila vifaa vya ajabu. Tuseme mwanamume wa pwani analeta karatasi yenye HbA1c ya asilimia 6.2. Kwa karatasi hiyo, wastani wake wa sukari ungekuwa takriban 7.3, na daktari mwenye haraka angemwambia yuko salama. Lakini kwenye daftari la nyumbani kuna asubuhi zenye 9.8, 10.4 na 9.5, na saa mbili baada ya wali kuna 14.1 na 13.6. Hakuna hata kipimo kimoja kilichofika chini hadi 7.3, basi huo hauwezi kuwa wastani wake. Kati ya mashine mbili, moja inakosea, au damu yenyewe ndiyo inayopotosha. Hapo hatua ni rahisi: kurudia sukari ya kufunga maabarani, ambayo ikiwa 7.0 au zaidi kwa vipimo viwili inathibitisha kisukari. Kupima kiwango cha damu na selimundu. Na kumuuliza juu ya malaria, kuongezewa damu na historia ya ukoo. Bila daftari lile, mtu huyu angerudi baada ya miaka mitano akiwa na ganzi miguuni, na mkononi bado ana karatasi ya kumsifu.

Wapo watakaoniambia kwamba kuwaeleza wagonjwa habari hizi ni kuwapa kisingizio. Mwenye 10.5 atasema ni damu yake ya ukoo, si chapati na vidonge asivyomeza. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu binadamu hupenda kulaumu kipimo. Lakini ukweli wenyewe unaifunga njia hiyo. Selimundu ya kurithi upande mmoja na upungufu wa G6PD huishusha namba, haviipandishi. Mwenye vinasaba hivyo aliyesoma 10.5 huenda hali yake halisi ni mbaya zaidi ya hapo. Ukosefu wa madini ya chuma unaipandisha, lakini kwa kiasi kidogo, si kwa asilimia tatu au nne nzima. Anayeelewa hayo hapati pa kujificha. Asiyeelezwa ndiye atakayesikia nusu ya habari kijiweni na kuitumia anavyotaka.

Pingamizi la pili ni la fedha, na ndilo zito zaidi. HbA1c ni ghali mara nyingi kuliko kutobolewa kidole, mashine zake hazipo katika zahanati nyingi, na stripu za nyumbani nazo hununuliwa kwa fedha ya mfukoni. Kumwambia mchuuzi wa mboga apime kila siku kabla na baada ya kila mlo ni kumdhihaki. Lakini wengi hawahitaji hivyo; wanaohitaji ni hasa wanaotumia insulini kwa dozi nyingi. Kwa anayetumia vidonge na hali yake ni tulivu, HbA1c mara mbili kwa mwaka inatosha, na kila miezi mitatu kwa ambaye dawa zake zimebadilishwa au lengo halijafikiwa. Nyumbani, siku moja kila baada ya wiki mbili, vipimo viwili: kabla ya kula na saa mbili baadaye. Hizo ni stripu kumi na mbili au zaidi kidogo kwa miezi mitatu, na zinatosha kuonyesha kama karatasi ya maabara na maisha ya mtu vinaongea lugha moja. Linganisha gharama hiyo na ya kusafishwa damu mara kadhaa kwa wiki maisha yote, au na familia iliyopoteza mtafutaji kwa sababu mguu umekatwa. Serikali na mifuko ya bima vinavyokubali kulipia gharama hizo za mwisho, vikigoma kulipia kipimo cha mwanzo, haviokoi fedha.

Pingamizi la tatu husemwa kwa sauti ya chini zaidi: haya ni mambo ya kitaalamu, mgonjwa amwachie daktari. Lau kama daktari angekuwa na nusu saa na kila mtu, ningelifikiria. Lakini katika kliniki zenye foleni inayoanza alfajiri, daktari ana dakika chache na karatasi iliyo mbele yake. Aliyeongezewa damu mwezi uliopita katika hospitali nyingine ni mgonjwa, na anayejua hilo ni yeye. Mwenye kaka wa selimundu ni yeye. Aliyetetemeka saa tisa za usiku ni yeye. Habari inayoamua kama namba ile ni ya kweli iko kwa mgonjwa, na hatakumbuka kuitoa kama hajui kwamba ina uhusiano wowote na sukari. Kumfundisha si kumnyang'anya daktari kazi. Ni kumpa daktari data ambazo maabara haina.

Kinachotakiwa hakihitaji sheria mpya wala mradi wa wafadhili. Karatasi ya HbA1c ichapishwe ikiwa na mistari michache tu ya ziada: wastani wa sukari unaolingana na asilimia hiyo, kwa kipimo kilekile cha mashine ya mgonjwa, lengo alilowekewa yeye, si la kila mtu, na maswali manne ya kuulizwa kabla ya kuliamini jibu, yaani kuhusu damu uliyoongezewa au kupoteza, malaria ya karibuni, ujauzito, na selimundu katika ukoo. Maabara zinazonunua mashine mpya ziulize kwanza kama njia inayotumiwa na mashine hiyo inasumbuliwa na himoglobini ya selimundu, kwa kuwa zipo zinazosumbuliwa na zipo zisizosumbuliwa. Kwa yeyote mwenye vidole vinavyosema juu na karatasi inayosema chini, sukari ya kufunga irudiwe kabla hajaambiwa ni mzima. Na mgonjwa anayesoma makala hii asingoje hayo yote yafike. Kliniki ijayo aende na daftari lake, aulize HbA1c yake ni ngapi, ilikuwa ngapi mara iliyopita, na kama inalingana na namba alizoziandika mwenyewe nyumbani. Jibu la swali la tatu likiwa "hapana," asikubali kuondoka bila kuelezwa sababu.